"Rais Jinping" ni nani? Kichina na adabu ya kumwita mtu

Kila viongozi wa Afrika wanapokutana na wenzao wa China, kama walivyokutana Beijing Septemba 2024 kwenye mkutano wa FOCAC, jukwaa la ushirikiano wa China na Afrika, hakosekani mtu wa kuandika mtandaoni kwamba "Rais Jinping" amesema hivi na "Bwana Jinping" ameahidi vile. Anayeandika hana nia mbaya. Watanzania tunasema "Rais Samia" na hakuna anayenung'unika. Wakenya wanasema "Rais Ruto" na mambo yanakwenda. Sasa Jinping ana ubaya gani? Ubaya upo. Jinping ni jina alilopewa na wazazi wake, na wanaoweza kulitumia peke yake bila kuonekana watovu wa adabu ni wachache mno: wazazi, mke, pengine rafiki wa tangu utotoni. Ukoo wake ni Xi, na kwa Wachina cheo hushikana na ukoo. Ni Rais Xi.

Mkanganyiko mwingine hauko kwenye habari, uko kwenye maeneo ya ujenzi na madukani. Huko malalamiko ni ya aina yake: Wachina hawajui kusalimu, hawasemi tafadhali, asante yao ni ya kubahatisha, na wakikukaribisha chakula wanakuamrisha kama askari. Keti! Kula! Kunywa! Haya utayasikia hata kwa watu waliofanya kazi nao miaka mingi, watu wasio na chuki yoyote.

Kwangu mimi mikanganyiko hii miwili ni mmoja. Tumezoea kuitafuta adabu ndani ya maneno fulani, yaani salamu, tafadhali na asante, na tusipoyasikia tunatoa hukumu. Kichina kina maneno hayo yote. Ila uzito wa adabu yake umelala kwenye kumwita mtu: unamtaja kwa neno gani, neno hilo linamweka wapi, na linakuweka wewe wapi mbele yake. Asiyelijua hilo ataisikia adabu ya Kichina siku nzima asiitambue.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno matatu. "Xing" ni jina la ukoo. "Ming" ni jina la mtu mwenyewe. "Chenghu" ni neno lolote unalomwitia mtu, liwe cheo, neno la undugu au jina, na hilo ndilo tutakaloshughulika nalo. Nikisema Kichina nina maana ya Putonghua, lugha rasmi ya China Bara, ile inayofundishwa kwenye Taasisi za Confucius, ambazo ya kwanza barani Afrika ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005. Hong Kong na Taiwan wana desturi zao, nitazigusa pale tu zinapogongana na za Bara. Na jambo moja kuhusu kusoma: tahajia ya herufi za Kilatini iitwayo pinyin, iliyopitishwa China mwaka 1958, hutudanganya macho. Herufi x isome karibu na "sh", q karibu na "ch", zh karibu na "j". Kwa hiyo Xi ni kama "Shi" na Zhang ni kama "Jang".

Ukoo mbele, cheo nyuma

Mchina huanza na ukoo. Xi Jinping, Mao Zedong, Yao Ming yule mchezaji wa mpira wa kikapu: kwa wote neno la kwanza ndilo la ukoo. Mwanamke haachi ukoo wake kwa sababu ya kuolewa. Mke wa Rais Xi ni Peng Liyuan. Alikuwa Peng alipokuwa mwimbaji mashuhuri na ni Peng mpaka leo. Ukiandika "Bi. Xi" umemtaja mtu mwingine, labda dada wa rais. Tahadhari moja tu: Wachina wengi waishio nje, hasa Ulaya na Marekani, hugeuza majina yao yafanane na ya wenyeji, hivyo ukikuta kadi ya biashara usikimbilie kukata shauri neno lipi ni lipi.

Koo zenyewe ni chache ukilinganisha na wingi wa watu. Wang, Li na Zhang, kila mmoja una watu zaidi ya milioni 90. Ukoo mmoja tu unawazidi Watanzania wote milioni 61.7 waliohesabiwa kwenye sensa ya 2022. Kusema "Wang" peke yake hakumtaji mtu, na hata hivyo silabi moja kavu namna hiyo haiitwi. Lazima kitu kiambatane nayo, na kitu hicho ndicho kinachobeba adabu.

Mara nyingi ni kazi au cheo, na hukaa nyuma ya ukoo. Mwalimu Wang ni "Wang laoshi". Daktari ni "Wang yisheng". Meneja ni "Wang jingli". Bosi wa kampuni ni "Wang zong". Kama uko kwenye mradi wa barabara au reli ukasikia "Wang gong, Wang gong" kutwa nzima, usidhani Gong ni jina la baba yake. Ni kifupi cha gongchengshi, mhandisi. Neno laoshi siku hizi limetoka nje ya darasa. Huitwa hivyo mtangazaji, mwigizaji, mhariri, mpiga picha, karibu kila mtu anayeheshimika kwa ujuzi wake na asiyekuwa na cheo kinachojulikana. Kama ungetaka kubeba neno moja tu la kukuokoa katika ofisi ya watu wa habari au sanaa, beba hilo.

Vyeo vina siasa yake. Naibu mkurugenzi akiitwa, ule unaibu humezwa. Ataitwa mkurugenzi tu, na kila mtu anajua. Sasa, "naibu" kwa Kichina ni fu, na upo ukoo unaotamkwa Fu vilevile. Mkurugenzi kamili wa ukoo huo ana mkosi wake: kila anapoitwa kwa heshima, mgeni aliye pembeni anasikia "naibu mkurugenzi". Kuna na ukoo wa Zheng, unaosikika sawa na neno la "kamili", kwa hiyo naibu wa ukoo huo hupandishwa cheo kila asubuhi bila barua. Wachina wenyewe hutaniana sana maofisini kwa jambo hili.

Pale ambapo vyeo havina nafasi, yaani kwa wafanyakazi wenza na majirani, hutumika vineno viwili mbele ya ukoo: "lao", mzee, na "xiao", mdogo. Lao Wang ni mwenzako aliyekuzidi umri, mliyezoeana. Xiao Wang ni kijana wa ofisini. Hakuna dharau katika lolote kati ya hayo, ila xiao husemwa na mkubwa kwa mdogo, kamwe si kinyume. Halafu Wachina wakakigeuza kineno: "Wang lao", lao likiwa nyuma, si mzee yeyote. Ni heshima ya mtu mkongwe aliyefanya makubwa, mwanasayansi au msanii wa miaka 80 na zaidi. Kwa hiyo Lao Wang anaweza kuwa fundi bomba wa mtaa wenu, na Wang lao anaweza kuwa mtu ambaye nchi nzima itasimama siku akifariki. Sauti ni zilezile, mpangilio ndio uliobadilika.

Na "xiansheng", bwana, hufundishwa katika somo la kwanza kama neno la wanaume. Ni kweli, tena mke anaweza kulitumia kumtajia watu mume wake. Lakini wanawake wachache waliofikia kilele cha elimu huitwa xiansheng pia. Yang Jiang, mwandishi na mtafsiri aliyefariki 2016 akiwa na miaka 104, aliitwa hivyo na wasomi wote, na hakuna aliyeshangaa. Hapo neno linarudi kwenye maana yake ya kale, aliyetangulia kuzaliwa, na kwa hiyo mwalimu.

Nyumbani: jina hushuka, halipandi

Mswahili anayejifunza Kichina ana bahati ambayo Mwingereza hana. Sisi hatujawahi kumtupa baba mkubwa, baba mdogo na mjomba kwenye kapu moja. Wachina nao hawafanyi hivyo. Kaka wa baba ni "bobo", mdogo wake baba ni "shushu", kaka wa mama ni "jiujiu", shangazi ni "gugu". Bibi mzaa baba ni "nainai". Bibi mzaa mama ni "waipo", na kaskazini "laolao". Watoto wa baba mkubwa na baba mdogo wana neno lao, "tang", linalowatenga na wengine wote wa upande wa mama na wa mashangazi, ambao ni "biao".

Ndugu wa tumbo moja hawana neno la mazungumzo lisilosema nani katangulia. Ni "gege", kaka, au "didi", mdogo wa kiume. "Jiejie", dada, au "meimei", mdogo wa kike. Hata mapacha: aliyetangulia kwa dakika tano ni mkubwa maisha yake yote.

Ndani ya mpangilio huu ipo kanuni inayotawala yote. Mkubwa humwita mdogo kwa jina. Mdogo humwita mkubwa kwa neno la undugu. Mtoto hathubutu kumwita baba yake, mama yake wala mjomba wake kwa jina. Mgeni akiingia nyumbani, mama humhimiza mtoto maneno mawili: "Jiao ren!" Yaani, mwite mtu. Mtoto anasema "Shushu!" na imetosha. Hajasema hujambo, hajasema karibu, lakini amekwisha salimu, tena vizuri. Kazi ambayo kwetu hufanywa na shikamoo, kule hufanywa na neno la undugu lenyewe. Watu wazima hali kadhalika: kijana anayepishana na mwalimu wake kwenye korido akasema "Wang laoshi!" na kuendelea na safari yake amemaliza wajibu wote. Anayengojea "hujambo" ndiye atakayesema hakusalimiwa.

Kanuni hii huonekana wazi zaidi siku ya harusi. Kabla ya hapo bibi harusi alikuwa akiwaita wazazi wa mchumba wake shushu na "ayi", mama mdogo, kama anavyowaita wazazi wa rafiki yeyote. Siku hiyo anawamiminia chai, anawakabidhi vikombe kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza anatamka "ba" na "ma". Bwana harusi hufanya vivyo hivyo kwa wakwe zake. Kitendo hicho kina jina, "gaikou", kubadili mdomo, na kina malipo: wazazi hutoa bahasha nyekundu ya pesa, "gaikou fei". Familia nyingi huzungumza kiasi chake mapema. Sijui lugha nyingine inayolipia neno moja waziwazi namna hiyo.

Hofu ya kumtaja mkubwa kwa jina ina mizizi mirefu. Katika China ya wafalme ilikuwa sheria. Jina la mfalme lilikatazwa kuandikwa na kutamkwa, na kila mtu aliepuka vilevile jina la baba yake. Mwanzilishi wa utawala wa Han aliitwa Liu Bang, basi neno "bang", nchi, likawekwa kando na "guo" likashika nafasi yake. "Guo" ndilo linalotumika mpaka leo kwenye jina la China yenyewe, Zhongguo. Katika utawala wa Tang, mfalme Li Shimin alipofariki mwaka 649, wizara iliyokuwa na neno "min" ndani ya jina lake ilibadilishwa jina, kwa sababu min lilikuwemo katika Shimin. Mwaka 1777 msomi Wang Xihou alihukumiwa kifo kwa sababu kamusi yake iliandika wazi majina ya wafalme wa Qing pale alipokuwa akieleza majina ya kuepukwa.

Ndiyo maana watu wa kale walihitaji jina la pili. Kijana alipofikisha umri wa utu uzima alipewa "zi", jina la heshima ambalo wenzake wangelitumia bila kumvunjia adabu, na lile la kuzaliwa likabaki kwa wazazi na kwa yeye mwenyewe anapojitaja kwa unyenyekevu. Mshairi Su Shi wa karne ya 11 alikuwa na zi yake, Zizhan, kisha akajipa jina jingine, Dongpo, na kwa hilo ndipo anapokumbukwa hata na wapishi, kwani nyama ya nguruwe ya Dongpo bado ipo kwenye mahoteli. Mao Zedong mwenyewe alikuwa na zi, Runzhi. Desturi hiyo imekufa katika karne ya 20, lakini imeacha kitu ambacho Mwafrika hukigundua kwa mshangao. Kwetu, katika makabila mengi, kumpa mtoto jina la babu ni kumheshimu babu. Kwa Wachina ni kumkosea. Nani atamgombeza mtoto kwa kutamka jina la babu yake? Mkikaa kwenye meza moja na mwenzako Mchina ukamwambia kwa furaha kwamba mwanao ana jina la baba yako, elewa akisita kidogo kabla ya kutabasamu.

Usiyemjua utamwitaje?

Hapa ndipo Wachina wenyewe wanapotatizika, na ndipo lugha inapobadilika haraka kuliko vitabu vya masomo.

Kwa miongo mitatu baada ya Wakomunisti kushika nchi mwaka 1949 jibu lilikuwa rahisi: "tongzhi", mwenye nia moja nawe. Neno ni la kale, Sun Yat-sen alilitumia kwa wanamapinduzi wenzake hata katika wosia wake wa 1925, ila chama cha Kikomunisti kililieneza kwa taifa zima. Rais ni tongzhi, mwuza mboga ni tongzhi, mwanamume na mwanamke sawa. Mtanzania aliyekulia enzi za TANU halihitaji maelezo marefu. "Ndugu" ilifanya kazi ileile, ikawafuta mabwana na waheshimiwa kwa neno moja. Wachina na Watanzania waliojenga TAZARA kati ya 1970 na 1975 walitoka katika nchi mbili zilizokuwa zikijaribu kuishi na neno moja la kuitana. Na kama ambavyo CCM bado ina Ndugu zake vikaoni, chama cha Kikomunisti mwaka 2016 kilitoa mwongozo wa kuwakumbusha wanachama wote waitane tongzhi, wasiitane kwa vyeo. Mtaani lakini limekufa. Pia limepata maana nyingine: kuanzia Hong Kong mwishoni mwa miaka ya 1980, mashoga na wasagaji walilichukua kujiita wenyewe, na kwa vijana wengi leo hiyo ndiyo maana ya kwanza inayowajia. Mgeni anayemwita kijana wa Shanghai tongzhi kwa sababu kitabu chake ni cha mwaka 1975 atazua kicheko.

Baada ya tongzhi likaja "shifu", fundi bingwa, ambalo kwa muda lilitumika kwa kila mtu. Sasa limerudi kwa madereva, mafundi na wapishi, na huko bado ni zuri sana. Dereva wa teksi ni shifu bila mjadala. Mwenye duka ni "laoban", bosi, hata kama duka lenyewe ni meza moja.

Lililoanguka vibaya ni "xiaojie", binti au bibie. Lilikuwa neno la kistaarabu, na Taiwan limebaki hivyo. China Bara, tangu biashara ya ukahaba ilipojitokeza upya katika miaka ya 1990, kuliita peke yake, hasa kumwita mhudumu wa hoteli, ni kumtukana. Likiwa na ukoo mbele yake katika mazingira rasmi, "Wang xiaojie", bado linapita. Nafasi iliyoachwa wazi ikazibwa na "meinü", mrembo, na kwa wanaume "shuaige", mtanashati. Muuza matunda atakuita mrembo ukiwa na miaka 20 au 55. Hakutongozi, amekosa neno jingine. Na ukinunua kitu mtandaoni, mhudumu atakuandikia "qin", mpenzi, neno lililoenea kupitia soko la Taobao, tena hata anapokukatalia kurudisha pesa.

Kati ya haya yote, salama ya wengi ni kurudi nyumbani: kumfanya usiyemjua kuwa ndugu. Mzee wa kiume ni "yeye", neno la Kichina la babu, wa kike ni nainai, mwanamume wa makamo ni shushu kwa mtoto na "dage", kaka mkubwa, kwa mtu mzima. Ugumu ni kupima umri. "Ayi", mama mdogo, ni heshima kwa mwanamke wa miaka 50 anapoitwa na kijana. Kwa wa miaka 32 ni msiba. Tena ayi ni jina la mfanyakazi wa nyumbani. Wachina wengi hushusha kiwango makusudi, wakasema jiejie pale ambapo hesabu inasema ayi.

Hapo ndipo pia lilipo jibu la swali linalowaudhi wengi: kwa nini Mchina huuliza umri wako dakika ya pili? Anatafuta pa kukuweka. Hawezi kujua kama wewe ni kaka au mdogo bila kujua nani katangulia. Hata swali lenyewe lina ngazi: mtoto huulizwa "ji sui", mtu mzima "duo da", mzee "duo da nianji", na wa juu kabisa "gaoshou", umri wako mtukufu. Ukimuuliza ajuza wa miaka 80 "ji sui", umemuuliza kama mtoto wa chekechea.

Wewe na wewe

Kichina kina "wewe" mbili, "ni" ya kawaida na "nin" ya heshima. Watu hudhani ni kama Kifaransa, kwamba usipotumia nin kwa mkubwa umekosa adabu. Sivyo hasa. Nin ni ya kaskazini, ya Beijing zaidi ya kwingine. Kule hata babu huambiwa nin na mjukuu. Ukishuka kusini watu wengi huishi maisha yao yote na "ni" peke yake, ila kwenye barua na kwa wateja. Msichana wa Guangzhou anayemwambia mwalimu wake "Wang laoshi, ni…" hajamkosea, kwa sababu heshima imeshalipwa katika lile laoshi. Ndiyo maana nasema chenghu ndilo lenye uzito. Na nin ikitumiwa kwa mtu wa karibu hugeuka kuwa jiwe: mke wa Beijing akianza ghafla kumwambia mumewe nin, mume ajitazame amefanya nini.

Asante, tafadhali, na chakula cha amri

"Ni hao", ambayo kila mtoto wa mtaani kwetu humrushia Mchina, ni salamu ya watu wasiojuana. Wanaojuana huulizana "chi le ma?", umekula?, au "unaenda wapi?" Jibu ni "nimekula" au "natoka kidogo". Hakuna anayekualika, hakuna anayekupeleleza. Kwetu "habari za nyumbani" nayo haisubiri ripoti.

"Xiexie", asante, ipo na hutumika sana kwa watu wa nje. Ndani ya nyumba hupungua, na kwa marafiki wa karibu ikizidi inaumiza. Rafiki anaweza kukukemea kwamba unajitenga, na neno lenyewe, "jianwai", ni karibu kabisa na lawama yetu ya "mbona unajifanya mgeni?" Hata jibu la kawaida la asante, "bu keqi", linamwambia mtu asijifanye mgeni. Kwa hiyo mwenye kuhesabu asante za Mchina kwa mke wake anahesabu kitu kisichokuwa kipimo.

Ombi nalo hulainishwa bila "qing", tafadhali, ambayo kati ya marafiki husikika baridi kama tangazo la uwanja wa ndege. Kitenzi hurudiwa, "kankan", tazama-tazama, au huongezewa "yixia", kidogo, kama nasi tunavyosema "hebu nione kidogo". Anayesumbuliwa huambiwa "mafan nin le", nimekusumbua. Kuna na samahani mbili: "duibuqi" kwa kosa hasa, na "bu hao yisi" kwa kumkanyaga mtu kwenye basi. Na kuna moja ambayo wafasiri wa Kiingereza huihangaikia bila mafanikio, "xinku le". Huambiwa fundi aliyemaliza kazi, dereva aliyekufikisha, mwenzako aliyekesha na ripoti. Sisi tunayo tayari: pole na kazi. Ukiwa kwenye mradi na unataka kusema neno moja litakalomgeuza msimamizi wako akutazame upya, mwambie jioni "nin xinku le".

Amri za mezani ndizo zinazoeleweka vibaya kuliko yote. "Zuo! Chi! He!" Mwenyeji anayekwambia "ungependa labda kuonja kidogo?" anakuachia mlango wa kukataa, na kwa Mchina wa kizazi cha kati huo ni ubahili. Anayekuamrisha amekufungia mlango huo kwa makusudi, maana anajua utakataa mara mbili kwa adabu kabla ya kukubali. Ukiondoka atakusindikiza mpaka kwenye lifti, pengine mpaka barabarani, akisema "man zou", nenda taratibu, wakati wewe unapaswa kusema "liubu", bakia hapo. Hakuna anayebakia.

Lipo pia tabaka la zamani la maneno ya kujishusha na kumpandisha mwenzako. Mwanangu ni "quanzi", mwana wa mbwa. Nyumba yangu ni "hanshe", kibanda cha baridi. Kitabu changu ni kazi ya mkono mzito, na maoni yako ni ya juu. Baba yangu ni "jiafu", baba yako ni "lingzun", na anayechanganya hayo mawili kwenye hotuba huchekwa kwa wiki nzima. Mengi yamebaki kwenye barua, hotuba na tamthilia za wafalme. Moja liko hai kila siku: "nin guixing?", ukoo wako wa thamani ni upi? Jibu halirudii neno la thamani. Unasema tu, ukoo wangu ni Wang.

Ukoo ukishaupata, bado hujajua uuambatanishe na nini, na Wachina wana swali la hilo pia: "zenme chenghu nin?", nikuiteje? Liulize bila aibu, wao wenyewe huulizana. Atakayejibu "Wang zong" au "Wang gong" amekumalizia kazi. Anayesumbua ni mzee atakayecheka na kukwambia, "niite Lao Wang tu, inatosha." Ukiwa na umri wake, mwite hivyo. Ukiwa umri wa mwanawe, mshukuru kwa ukarimu, kisha mwite Wang laoshi.